Wifi ndiye anayeniuzia dawa ya magoti, nitamwambiaje daktari?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Ilemela hapa Mwanza. Mtaa naomba usiutaje, maana mtu ninayemwandikia habari zake naye anaisoma safu hii.

Kazi yangu ni dagaa, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Wakati wa giza naamka saa tisa usiku, nafika ufukweni mitumbwi inarudi na taa zake bado zinawaka. Nanunua kwa ndoo, naanika mchangani, nageuza, nachambua, na wakishakauka napeleka soko la Mwaloni Kirumba kwa gunia. Wasioijua kazi hii wanadhani mzigo mzito ni lile gunia. Ukweli ni kule kuinama. Unachambua kuanzia jua linachomoza hadi saa saba mchana, umechuchumaa au umepiga magoti, na ukitaka kunyanyuka unatafuta mtu wa kukupa mkono.

Goti la kulia lilianza mwaka 2019, la kushoto likafuata. Siku hizi asubuhi nikitaka kushuka kitandani nalibeba goti kwa mikono miwili kama mali ya mtu mwingine. Kiuno nacho kinakaza.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ana duka la dawa. Nikueleze kwanza ni mtu wa namna gani. Mume wangu alipofariki mwaka 2020, ndugu walikuja wakitaka kugawana hadi mabati. Wifi alisimama mlangoni akasema, "Nyumba hii ni ya watoto wa kaka yangu, anayeitaka aanze na mimi." Wakaondoka. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini.

Yeye ndiye aliyenipa diklofenaki. Mwanzo zilikuwa kwenye kibahasha cha karatasi, ameandika kwa peni 1x2, za siku tano. Nilipona kabisa, nikaona kama muujiza. Zilipoisha magoti yakarudi, akanipa tena. Sasa hata kibahasha hakuna. Namtuma mjukuu, anarudi na karatasi tatu za vidonge kumi kumi, wifi anaandika kwenye daftari lake, nami nalipa giza likiisha. Ninazihifadhi kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Nameza asubuhi na jioni, na siku za mzigo mkubwa nameza tatu. Kichwa kikiniuma naongeza ibuprofeni. Kiuno kikikataa kabisa nachomwa sindano ya hiyohiyo diklofenaki kwenye kituo kimoja. Nimeshachomwa mara tatu, na niliambiwa sindano haipiti tumboni kwa hiyo haina shida. Vidonge huwa simezi bila kula, uji lazima utangulie.

Sasa tatizo. Mwaka 2022 nilikutwa na presha. Nilianzishiwa losatani na ile nyingine ya kukojoa, nazimeza bila kuruka hata siku moja. Mwaka wa kwanza ilitulia. Mwaka huu imekuwa sugu: 152 kwa 94, mara nyingine 160 kwa 98, na mwezi uliopita 172 kwa 104. Daktari wa kliniki ni kijana mpole. Akaniuliza, "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unatumia?" Nikajibu hapana. Akasema isiposhuka safari ijayo ataniongezea dawa ya tatu.

Kwa nini nilidanganya? Kwanza, miaka miwili iliyopita niliwahi kusema ukweli kwamba nimekunywa majani fulani, mhudumu mmoja akanipigia kelele mbele ya foleni nzima kama mtoto aliyeiba sukari. Pili, nikisema diklofenaki, ataniuliza nani ananiuzia kila mwezi bila cheti. Mwaka jana tulisikia kuna duka limefungwa baada ya ukaguzi. Nikiwa mimi chanzo cha wifi kufungiwa duka, nitamtazamaje?

Jioni miguu inavimba, kamba ya ndala inaacha alama. Nikibonyeza muundi kwa kidole, panabaki shimo. Usiku tumbo linawaka, nakunywa maziwa linatulia. Ufukweni maji nakunywa kidogo kwa makusudi, kwa sababu choo kiko mbali na mzigo hauachwi. Jirani ananiambia hizo dawa zitaniua, lakini nadhani anatia chumvi, kwani kila mchambuaji pale anazo kwenye kibeti. Hata mkamwana wangu mwenye mimba ya miezi saba mgongo ukimsumbua huchukua kimoja kwenye kopo langu na yuko salama.

Nikiacha, sitaweza kuchambua, na binti yangu yuko chuo mwaka wa pili. Nikiendelea, naogopa. Nikisema hospitali, naona namsaliti wifi. Nikimwambia wifi nataka kuacha, ataona namtuhumu kwamba amenidhuru, baada ya yote aliyonitendea. Naomba unishauri kama mama.

Mama wa dagaa, Ilemela

*

Marahaba, mdogo wangu, na mwangaluka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikwama kwenye sentensi uliyoipita haraka kuliko zote, ile ya mkamwana wako, na hiyo ndiyo nitakayoanza nayo kwa sababu haiwezi kungoja. Kabla hujaendelea kusoma, lile kopo la majani ya chai litoe mahali anapoweza kulifikia.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hazifai kwa mwenye mimba kubwa kama yake. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, na damu yake hupita njia ya mkato, mshipa mfupi ulio karibu na moyo ambao unatakiwa kubaki wazi mpaka siku ya kuzaliwa. Dawa hizi zinaweza kuufunga kabla ya wakati. Tena kuanzia wiki ya 20 zinaweza kugusa figo za mtoto, na maji yanayomzunguka yakapungua. Simwambii haya alie usiku kucha kwa vidonge alivyokwisha kumeza. Ninachoomba ni kwamba wiki hii aende kliniki, ataje alichomeza na mara ngapi, wamsikilize mtoto na kuangalia maji. Kwa maumivu ya mgongo watamwelekeza, na mara nyingi huanza na parasetamoli kwa kipimo chake. Kama kliniki yenyewe imempa aspirini ya dozi ndogo kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, hiyo ni habari nyingine, asiiache bila kuwauliza waliompa.

Hukufanya hivyo kwa ubaya. Ulipima usalama wa dawa kwa kuangalia watu wanaoimeza na bado wanatembea, na karibu sote tunapima hivyo.

Sasa tukae, wewe na mimi. Ninavyokuelewa, una magoti mawili ambayo ndiyo yanayomsomesha binti yako. Una dawa inayoyafanya yakubali kazi. Una wifi aliyekusimamia siku ambayo wengine walikuja kuhesabu mabati, na dawa inatoka mkononi mwake. Na una daktari anayekaribia kukuongezea kidonge bila kujua nusu ya unavyomeza. Katikati ya wote hao umeona njia ya amani ni kunyamaza. Sikulaumu. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na nimewaona kina mama wanaojibu "hapana" huku vidonge vimefungwa kwenye pindo la kanga, kwa sababu kuna siku walisema "ndiyo" wakafokewa. Aliyekufokea mbele ya foleni alikufunga mdomo kwa miaka miwili, na laiti angejua.

Lakini umeandika neno moja ambalo nataka tuliulize maswali: kwamba presha yako "imekuwa sugu". Una hakika ni presha iliyobadilika?

Dawa za jamii ya diklofenaki zinafanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Aliyeonyesha jambo hilo ni mwanasayansi John Vane, mwaka 1971, alipokuwa akiichunguza aspirini, na mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel. Prostaglandini ndizo zinazofanya goti livimbe, lipate moto na kuuma. Ukizizuia, goti linatulia. Shida ni kwamba kemikali hizo zina kazi nyingine nyingi mwilini. Tumboni zinalinda ule ute unaozuia tindikali isiunguze ukuta wa tumbo. Kwenye figo zinasaidia mishipa ya kuingiza damu ibaki wazi. Wewe ni mtu wa ziwani, utanielewa nikisema dawa hii ni kokoro. Ulitaka sato wakubwa tu, lakini wavu umekokota kila kilichokuwa njiani, na vifaranga wamo.

Wataalamu waliwahi kujaribu kufuma wavu wa kuchagua, dawa ya kutuliza viungo isiyogusa tumbo. Mojawapo, Vioxx, iliondolewa sokoni duniani mwaka 2004 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Ninaitaja kwa sababu diklofenaki, japo ni ya zamani, ina tabia inayokaribiana nayo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza kwamba isitumiwe na mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi, na kwamba mwenye presha aanzishiwe kwa kupimwa vizuri kwanza. Mdogo wangu, mwenye presha ni wewe.

Dawa hizi huufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Ndiyo maana hilo shimo la kidole kwenye muundi limenishtua kuliko namba zako. Maji yakibaki mwilini presha hupanda, na dawa za presha hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo huenda losatani yako haijashindwa, ila asubuhi unameza cha kushusha na dakika kumi baadaye unameza cha kupandisha. Nasema huenda. Vipo vitu vingine vinavyopandisha presha na vinavyovimbisha miguu, moyo na figo zikiwemo, na daktari ndiye wa kuvitenganisha. Ila hawezi kutenganisha asichokijua. Akikuongezea dawa ya tatu atakuwa anatibu dawa kwa dawa.

La figo ndilo linaloninyima usingizi. Figo ni chujio, linahitaji damu iingie kwa msukumo. Diklofenaki inabana mlango wa kuingilia. Losatani inalegeza mlango wa kutokea. Dawa ya kukojoa inapunguza maji kwenye mzunguko. Kila moja peke yake figo inaweza kuistahimili, lakini zote tatu kwa pamoja ni mchanganyiko ambao madaktari wanauogopa kwa jina. Weka juu yake jua la mchangani, jasho, na maji unayojinyima kwa sababu choo kiko mbali. Figo huumia kimya kimya, haziumi kama goti. Ndiyo maana ningependa ufanyiwe kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinachuja vipi, na kipimo cha mkojo, hata kama hujisikii vibaya.

Umejitetea kwa uji, na ni kweli uji hupunguza kuungua. Lakini dawa ikishaingia kwenye damu, inarudi kudhoofisha ukuta wa tumbo kutokea ndani, uwe umeshiba au una njaa. Kwa sababu hiyohiyo sindano nayo si salama zaidi, maana hupitia damuni kufika kulekule. Maziwa yanatuliza moto kwa muda, kidonda hayakitibu. Na kichwa kikiuma ukaongeza ibuprofeni, unakuwa umemwita ndugu wa tumbo moja na diklofenaki. Vidonge vitatu vya miligramu 50 ni 150, na hapo umeshafika kikomo cha siku kwa mtu mzima mwenye afya. Kinachozidi hapo hakiongezi nafuu ya kuonekana, kinaongeza madhara.

Sisi wa mwambao wa ziwa tuna jambo jingine la kuongeza ambalo kwenye vipeperushi vya dawa hulioni. Kichocho cha matumbo kimejaa huku. Mayai ya minyoo yake yakikaa kwenye ini miaka mingi, bandama huvimba na mishipa ya koo la chakula hutanuka kama mishipa ya mkono wa mpiga kasia. Mtu anaweza kuwa nayo bila kujua, halafu siku moja akatapika damu beseni zima. Wodini niliwaona wavuvi wa namna hiyo, vijana wenye nguvu. Dawa zinazofanya damu isigande upesi, na hizi zimo, ni hatari sana kwa mtu mwenye mishipa hiyo. Kwa kuwa umekanyaga maji ya ziwa kwa miaka 19, mwambie daktari hilo pia. Kipimo cha ultrasound cha ini na bandama kinaweza kumwonyesha mengi.

Hukuniambia choo chako kina rangi gani. Kiangalie. Kikiwa cheusi cha kung'aa kama lami na harufu isiyo ya kawaida, au ukitapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, usingoje kupambazuke, nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando usiku huohuo. Vivyo hivyo kifua kikibana, pumzi ikikata, mkojo ukipungua ghafla, au upande mmoja wa mwili ukilegea.

Sasa wifi.

Umeliweka jambo hili kana kwamba kumwambia daktari ukweli na kumshitaki wifi ni tendo moja. Mimi naona ni mawili. Daktari anahitaji jina la dawa, kipimo chake na umeitumia kwa muda gani. Jina la muuzaji halimsaidii kusoma presha yako. Akiuliza ulikoipata, unaweza kujibu "dukani," na hujasema uongo. Chukua karatasi moja ya vidonge, ifunge kwenye pindo la kanga, na ukiingia useme kabla hajafungua faili: "Daktari, safari iliyopita uliniuliza kama kuna dawa nyingine, nikasema hapana kwa sababu niliogopa. Ninatumia hii, kila siku, kwa muda mrefu." Kisha iweke mezani. Kwa ulivyomweleza, kijana huyo atashukuru. Inawezekana pia akakunja uso. Ukihofia foleni, omba mlango ufungwe, au nenda na binti yako akiwa likizo. Kwenda kituo kingine wasikokujua ni njia pia, ila utapoteza kumbukumbu ya namba zako za presha, nazo ndizo zinazoeleza hadithi nzima.

Wifi mwenyewe unamjua wewe, mimi simjui. Ila nimejiuliza: mtu aliyesimama mlangoni kuwazuia ndugu zake mwenyewe, akijua kidonge chake kinakuumiza, angekasirika au angeogopa kwa ajili yako? Labda hajui una losatani. Labda anajua na hajaunganisha. Maduka ya dawa muhimu yalianza kule Ruvuma mwaka 2003 kwa wazo kwamba muuzaji apate mafunzo, amuulize mteja maswali na ajue wakati wa kumtuma hospitali. Maswali hayo ni rahisi kumuuliza mgeni, ni magumu kumuuliza wifi anayetuma mjukuu. Undugu ndio ulioondoa kile kibahasha chenye 1x2 na siku tano, na kwa siku tano zile za mwanzo hakukosea sana.

Kwa hiyo unaweza kumwendea kwa swali: "Wifi, presha yangu haishuki na miguu inavimba. Hebu nisaidie, hizi za magoti zinapatana na zile za kliniki?" Hapo humtuhumu, unamwomba ujuzi wake. Anaweza kujitetea, anaweza kukwambia madaktari wanakutisha. Akifanya hivyo, usibishane siku hiyo, utakuwa umepanda mbegu. Unaweza pia kuanza na daktari, umwendee wifi ukiwa na majibu mkononi, "wamenikataza kwa sababu ya presha," ukaiacha karatasi ya vipimo ibebe lawama. Njia hiyo ni laini zaidi kwa undugu, ingawa hofu yangu ni kwamba wachambuaji wenzako wataendelea kuuziwa vilevile, na miongoni mwao wapo wenye presha na wasioijua.

Sijayasahau magoti. Kukwambia "acha" halafu nikuache na goti linalobebwa kwa mikono miwili si ushauri.

Muulize daktari juu ya jeli ya diklofenaki ya kupaka. Kwa goti inasaidia watu wengi, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko cha kidonge. Si cha sifuri, ndiyo maana umuulize. Parasetamoli kwa magoti yaliyochakaa haina nguvu kama uliyozoea, sitakudanganya, lakini haibani figo kwa namna hii. Kikomo ni vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye mwili mdogo au ini dhaifu apunguze zaidi. Angalia kwanza kama vidonge vya kwenye kopo ni vile vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja, maana wengi humeza panadol juu yake bila kujua wamerudia. Omeprazoli ukipewa italinda tumbo, ila haina habari na figo wala presha. Na ukishaacha diklofenaki, atajitokeza mtu wa kukupa kipakiti cha vidonge vya rangi rangi visivyo na jina. Humo mara nyingine huwekwa prednisoloni, dawa kali ya jamii ya steroidi, nayo ikikutana na diklofenaki tumbo huumia maradufu. Usikipokee, hata kama aliyekupa anakupenda.

Mtaalamu wa viungo wa hospitali anaweza kukufundisha kuimarisha misuli ya paja. Moja unaweza kuanza leo: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele, ushikilie hewani hadi kuhesabu kumi, shusha polepole, badili mguu. Fanya hivyo unaposubiri dagaa wakauke. Halafu kuna kichanja. Unaanika mchangani, umesema. Mbao chache na wavu chakavu vikiinuliwa hadi usawa wa kiuno, utageuza na kuchambua ukiwa umesimama au umekaa kwenye stuli, na dagaa wasio na mchanga pale Mwaloni wana wanunuzi wao. Gharama ipo, najua. Pengine wenzako wawili mnaweza kuchangia kimoja, mkapeana zamu.

Wewe mwenyewe umesema kazi yako inafuata mwezi. Mbalamwezi ikija, mitumbwi inalala na wewe unapumzika. Hizo ni siku ambazo goti halidaiwi sana. Kama daktari atakubali, mnaweza kuzitumia kukaa bila diklofenaki huku dawa za presha ukiendelea nazo bila kuruka, halafu upimwe tena baada ya wiki moja au mbili. Diklofenaki haihitaji kushushwa taratibu kama pombe ya mlevi, lakini maumivu yatarudi na huenda siku za kwanza yakawa makali, kwa hiyo uwe na jeli au kilichoandikwa badala yake mkononi. Ukigundua presha imeshuka yenyewe, utakuwa umejua jambo kubwa. Isiposhuka, nalo ni jambo kubwa, na daktari ataongeza dawa akiwa anaona njia.

Maji nayo. Nenda na chupa yako ufukweni, na umwombe mwenzako akuangalizie mzigo unapokwenda chooni. Wewe nawe utamwangalizia wake. Kiasi cha kunywa, kwa kuwa una uvimbe wa miguu, kipange na daktari.

Nani umwambie kwanza, wifi au daktari, utachagua wewe, kwa kuwa ndiwe unayeijua meza ya nyumba hiyo. Ila mkamwana apelekwe hata kama mengine yatangoja. Ukishapimwa, niandikie hizo namba, za mtoto na za kwako, na unisimulie wifi alisema nini ulipomuuliza.

Mama Mshauri wako